Chumba cha ghorofani: juu visigino, nje malori, pembeni besi. Nianzie wapi?

Ghorofa_ya_Tatu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua sauti kifundi. Ushauri wa kuhama nimeupata wa kutosha.

Chumba kipo ghorofa ya tatu kwenye jengo la ghorofa tano. Sakafu ni za zege, kuta ni za tofali zilizopigwa plasta. Ni chumba kimoja chenye bafu na jiko dogo humo humo (gesi ya mtungi), na mlango unafungukia moja kwa moja kwenye korido. Ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba haruhusu kubomoa, ila kazi ndogo zisizoacha makovu hana tatizo nazo.

Kelele ni nne na kila moja ina saa yake. Kuanzia saa nne usiku juu kuna visigino na kiti kinachoburutwa. Saa kumi na moja alfajiri mashine ya kufulia ya huko huko juu inaanza kukamua, dari inanguruma na glasi za kabatini zinagongana. Dirisha limeelekea barabarani, malori na pikipiki usiku kucha. Ni la alumini, la kuteleza, kioo kimoja. Korido inaleta mazungumzo na mlango wa lifti. Halafu ukuta wa pembeni unaleta besi ya muziki: maneno hayasikiki, ni ndum ndum tu, na kichwa cha kitanda kipo kwenye kona ya ukuta huo huo.

Ukuta mzima tayari una sponji nyeusi zenye meno, zile za studio. Hazijapunguza chochote. Kwa nini? Na nikiwa na pesa ya jambo moja au mawili tu, yawe yapi?

La mwisho: nitaongeaje na jirani wa juu bila kuharibu ujirani? Tunakutana kwenye lifti kila siku, tunasalimiana vizuri, na ningependa ibaki hivyo.

Fundi_wa_Mwangwi

Mkuu, sponji hiyo imepewa kazi isiyo yake. Inameza mwangwi ndani ya chumba: ukipiga makofi, ule mlio unaobaki ukizunguka unapungua. Kuzuia sauti isivuke ukuta ni kazi ya uzito na ya kuziba hewa. Sponji haina uzito, na hewa inapita ndani yake. Ibandue, tena mapema, maana nyingi za aina hiyo hushika moto haraka na moshi wake ni sumu, na wewe jiko lako liko chumba hicho hicho. Pasha gundi kwa kikausha nywele, vuta taratibu kuanzia pembeni, rangi haitang'oka sana.

Kabla ya kununua chochote tenganisha njia za sauti. Zipo mbili. Ya kwanza ni ya hewani: malori, mazungumzo ya korido. Inaingia popote hewa inapoingia, na kwenye vitu vyepesi. Ya pili inapita ndani ya jengo lenyewe: kisigino kinagonga zege, zege linatikisika, na dari yako yote inageuka spika. Kuziba nyufa kunaponya njia ya kwanza na hakugusi ya pili. Wengi hupoteza pesa hapo, wanaweka mapazia mazito ili kumzuia mtu anayetembea juu yao.

Kipimo hakina gharama. Kelele ikiendelea, weka sikio ukutani, kisha dirishani, kisha kwenye tundu la ufunguo. Pitisha kiganja polepole kwenye maungio ya fremu. Mahali ambapo ukiziba kwa mkono sauti inabadilika papo hapo, ndipo inapopita. Ukisikia zaidi sikio likiwa limegusa ukuta kuliko likiwa sentimita chache mbali, hiyo imekuja kwa njia ya jengo.

Desibeli, kipimo cha ukali wa sauti, nazo zinachanganya watu. Zikipungua 10, sikio linahisi ukali umeshuka kwa karibu nusu. Zikipungua 3, tofauti unaisikia kwa shida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 uliweka kikomo cha desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala kwa kelele ya mfululizo, na 45 kwa mlio wa ghafla. Programu ya simu inatosha kulinganisha kabla na baada, lakini usiiamini kwenye besi: kwa kawaida hupima kwa kipimio A, ambacho hupunguza masafa ya chini, yaani sauti nzito. Ikiwa ina kipimio C, tumia hicho ukipima ndum ndum.

Sasa tuanze na mlango, maana ndio wa bei nafuu na ndio unaovuja zaidi. Ukuta wowote, hata wa zege nene, ukiwa na uwazi wa asilimia 1 ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi. Mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 wenye mwanya wa sentimita 2 chini tayari umefika asilimia hiyo 1. Kwa hiyo hata ungeununulia ubao wa thamani gani, sauti itapita chini.

Usiku zima taa za ndani, taa za korido zikiwa zinawaka. Mstari wowote wa mwanga unaouona ni mstari wa sauti. Pima mwanya wa juu na wa pembeni kwa udongo wa kuchezea watoto: funga vibonge vidogo kwenye nailoni, viweke kwenye fremu mahali mlango unapoegemea, funga mlango, fungua, pima unene uliobaki. Pima sehemu tano au sita, maana fremu chache sana zimenyooka. Nunua mpira wa kubandika wenye uwazi katikati, mnene kuliko kipimo chako kwa milimita 2 hivi. Safisha fremu kwa spiriti, acha ikauke kabisa, bandika bila kuuvuta. Mpira uliovutwa wakati wa kubandika hurudi kwenye urefu wake baada ya siku chache na kuacha matundu kwenye kona, na kona ndizo zinazovuja zaidi. Ukiuweka mnene kupita kiasi ulimi wa kitasa hautaingia, mtu ataanza kuubamiza mlango, na utakuwa umeongeza kelele nyingine.

Chini ya mlango kuna chaguo tatu. Brashi hupitisha hewa, hivyo na sauti. Ulimi wa mpira unaogusa sakafu ni bora, mradi sakafu iko sawa. Bora kuliko vyote ni kile kibao cha alumini ambacho mpira wake hushuka wenyewe mlango ukifungwa. Lakini usizibe chini kabla hujapata majibu kuhusu gesi. Kuna watu humu wanajua hewa kuliko mimi, nawaachia.

Dirisha ndilo penye utamu wa fizikia. La kuteleza huvuja kwa umbile lake, kwa sababu lazima libaki na nafasi ya kuteleza. Linategemea brashi nyembamba zilizoingizwa kwenye mfereji wa alumini, nazo hulala na kuisha. Funga dirisha juu ya kipande cha karatasi, vuta. Kikitoka bila kukwama, brashi imekwisha. Inauzwa kwa mita. Pima upana wa kitako chake na urefu wa manyoya, ukikosea milimita moja aidha haiingii au haigusi. Itoe ya zamani kwa koleo yenye mdomo mrefu, fagia mfereji, ingiza mpya.

Hapo umepunguza. Ukitaka kupunguza kweli, weka kioo cha pili upande wa ndani bila kugusa dirisha lililopo. Fremu nyepesi ndani ya kina cha ukuta, yenye bamba la akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) la milimita 6, inayoshikwa kwa ukanda wa sumaku ili uitoe ukitaka kufungua. Akriliki hiyo ina uzito wa kilo 7 hivi kwa mita ya mraba. Kioo cha unene huo kina 15, kinazuia zaidi lakini sumaku haitakibeba, kinataka reli.

Siri ni nafasi kati ya vioo. Isipungue sentimita 10. Vioo viwili vyenye hewa katikati ni vitu viwili vizito vilivyounganishwa na springi, na springi hiyo ina mdundo wake, masafa ambayo vioo hutikisika navyo kwa urahisi na kuyapitisha. Vioo viwili vya milimita 4 vyenye nafasi ya milimita 12, ambavyo ndivyo vya kawaida madukani, hudunda karibu na hezi 245 (mitikisiko 245 kwa sekunde), palepale injini za malori zinaponguruma. Ndiyo maana watu hulipia vioo viwili na wanashangaa. Ukiweka akriliki yako sentimita 10 kutoka kwenye kioo cha milimita 4, mdundo unashuka chini ya hezi 100 na sehemu kubwa ya ngurumo inabaki nje. Unene wa vioo hivyo viwili usifanane, kwa sababu kila unene una masafa unayoyaachia, na vikifanana vyote viwili vitaachia hayo hayo.

Pazia zito halina nafasi kwenye hesabu hii. Linapunguza mwangwi na mwanga, basi.

Besi sasa. Kwenye hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Kitu cha sentimita chache ukutani hakilisumbui. Lakini mawimbi marefu hayatulii sawasawa chumbani: hujikusanya kwenye kuta, na kwenye kona huwa makali kuliko popote. Kitanda chako kimekaa mahali pabaya kuliko pote. Muziki ukipigwa, tembea chumbani ukiinama hadi usawa wa mto, sikiliza. Utakuta sehemu ambayo ndum ndum inazama. Katika chumba cha urefu wa mita 4, mdundo wa kwanza, yaani wa chini kabisa, ni wa hezi 43 hivi na huzama katikati ya urefu huo. Hulazimiki kulala katikati ya chumba, lakini kuutoa mto kwenye kona na kuusogeza mita moja mbali na ukuta wa jirani ni hatua ya maana, na hailipiwi.

Nati_na_Bolti

Naongezea mashine ya kufulia, kwa sababu hiyo haitatulia kwako, itatulia kule juu. Mpe jirani maelezo haya au panda naye mkaangalie pamoja.

Kwanza nyuma ya mashine. Mashine mpya za mlango wa mbele husafirishwa na bolti tatu au nne zinazolikaza pipa lisicheze. Zikisahaulika, mashine inatembea chumbani na jengo zima linajua. Zitolewe kwa spana, matundu yazibwe kwa vifuniko vilivyokuja nayo, na bolti zihifadhiwe kwa siku ya kuhama.

Pili, usawa. Pima maji iwekwe juu ya mashine, kulia kwenda kushoto, kisha mbele kwenda nyuma. Rekebisha miguu kwa kuizungusha, halafu kaza nati ndogo kwenda juu hadi ibane mwili wa mashine. Nati hiyo ikiachwa, mguu unajizungusha wenyewe kwa mtikisiko na baada ya wiki chache mko palepale. Mwisho bonyeza kona mbili za mshazari. Ikicheza hata kidogo, mguu mmoja haujagusa.

Tatu, mzigo. Nguo moja nzito peke yake, blanketi au zulia dogo la bafu, hunywa maji na kulala upande mmoja wa pipa. Ongeza taulo mbili tatu ili uzito usambae. Na mwendo wa kukamua upunguzwe: mizunguko 1400 kwa dakika kwenda 800. Nguvu ya mtikisiko inafuata kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo kwa nguo zilizokaa vilevile inashuka hadi karibu theluthi moja. Nguo zitachelewa kukauka, ndiyo gharama pekee.

Vile vipande vinne vya mpira vya kuweka chini ya miguu vinasaidia, mradi viwe vigumu. Laini mno vinaifanya mashine irukeruke. Kwa sakafu sugu kama hiyo kuna njia nzito zaidi: bamba la zege la sentimita 60 kwa 60, unene 4, lenye kilo kama 35, juu ya mkeka mnene wa mpira, na mashine juu yake.

Ikiwa yote hayo yapo sawa na bado inapiga, fungua mlango, sukuma pipa chini kwa mkono, achia. Likirudi na kutulia, vizuri. Likicheza juu chini mara tatu nne, vizuia mtikisiko vimekufa na vinabadilishwa. Sauti ya kusaga wakati wa kukamua ni beringi, hiyo ni kazi ya fundi.

Glasi zako za kabatini ni upande wako. Vuta kabati sentimita moja kutoka ukutani, tandika kitambaa kinene kwenye rafu, tenganisha glasi zisigusane. Mlio ule mkali utakwisha hata kama ngurumo itabaki.

Jirani_Mwema

Kuhusu kuongea naye. Usianzie kwenye lifti mbele ya watu wengine, na usipande saa ile ile kelele inapotokea, maana utakuwa na hasira na yeye atakuwa amevaa nguo za kulala. Nenda mchana au jioni mapema, siku ya mapumziko.

Kabla ya hapo hakikisha ni yeye. Zege hubeba sauti kwa upande pia, na kiti kinachoburutwa mara nyingi ni cha nyumba ya juu kushoto au hata ghorofa mbili juu. Simama kwenye ngazi karibu na mlango wake mashine inapokamua. Hiyo inatosha kujua.

Leta jambo moja, lenye saa yake, na ombi moja. "Jirani, habari za kutwa. Mimi nakaa chini yako. Sakafu za jengo hili zinashusha sauti kuliko mtu wa juu anavyoweza kujua, na mashine ya kufulia ikikamua saa kumi na moja kitanda changu kinatetemeka. Naomba tuangalie kama inaweza kuanza saa moja." Akiwa mtu mzima kwako, anza na shikamoo kabla ya yote. Ukimwaga visigino, kiti, mashine na watoto kwa pamoja, atasikia kwamba humtaki tu. Visigino na kiti vipelekee siku nyingine, ukishapata la kwanza.

Mkaribishe ashuke asikilize. Mtu mmoja abaki juu atembee kama kawaida, avute kiti, awashe mashine, nyinyi mkae chini mnasikiliza. Dakika kumi hizo hufanya kazi kuliko maneno yote, kwa sababu aliye juu kwake huwa hasikii kitu, na kwa kweli hana njia nyingine ya kujua.

Ukienda kuzungumzia viti, nenda na vipande vya kuweka chini ya miguu ya viti hivyo. Vya kubandika hung'oka haraka kwenye kiti kinachovutwa, gundi inachanika kwa kusuguliwa. Chukua vya kupigilia kwa msumari mdogo katikati kama miguu ni ya mbao, au vikofia vya mpira kama ni ya chuma, vya kipenyo sawasawa na mguu. Na kapeti yenye mkeka wa milimita 8 hadi 10 chini yake haihitaji kufunika nyumba nzima: njia ya kitandani kwenda bafuni na mlangoni ndiyo inayokanyagwa usiku.

Hewa_Kwanza

Nimeona gesi ya mtungi kwenye chumba kimoja na mtu anataka kuziba kila mwanya. Someni hapa kwanza tafadhali.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kujaa sakafuni, hivyo uwazi wa kuitoa unatakiwa uwe chini. Inawezekana kabisa ule mwanya wa chini ya mlango ndio uwazi pekee wa chini mlionao. Pia moto wa jiko unakula hewa; ukikosa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inaua mtu aliyelala. Ikiwa kuna hita ya maji ya gesi ndani ya chumba hicho isiyo na bomba la kutoa moshi nje, usizibe kitu chochote, na usilale nayo ikiwaka hata kama hujaziba.

Utaratibu ni huu. Tafuta kwanza uwazi wa kudumu, mmoja chini na mmoja juu, unaotoka nje. Kama upo, usafishe, usiufunike, ndipo uzibe mlango. Kama haupo, zungumza na mwenye nyumba autoboe yeye, na hadi hapo mlango uache chini ulivyo. Funga mtungi kwenye valvu kila ukimaliza kupika. Weka king'ora cha kaboni monoksidi, kwa urefu na mahali maelezo yake yanaposema.

Uwazi unaoingiza hewa utaingiza na sauti, hilo lina dawa. Tengeneza kisanduku cha mbao juu ya tundu chenye njia ya kukunja kona mbili, ndani kikiwa kimefunikwa pamba ya madini (ile ya nyuzi za mawe au kioo) ya sentimita 2 na nusu iliyofungwa kwa kitambaa chembamba. Hewa inapinda, sauti inapigapiga kwenye pamba na kuisha nguvu. Sharti moja: eneo la njia lisiwe dogo kuliko tundu popote, hata kwenye kona. Tundu la sentimita 15 kwa 15 ni 225 za mraba, kwa hiyo njia ya upana wa sentimita 25 iwe na kina kisichopungua 9. Usitumie zile sponji za ukutani, sababu ameshaieleza fundi.

Hata kusingekuwa na gesi, chumba kilichozibwa kote mtu huamka kichwa kizito. Tundu la hewa la bafuni liache wazi usiku.

Ghorofa_ya_Tatu

Asanteni sana, nimeelewa kwa nini sponji haikufanya kitu. Hita ni ya umeme, na tundu lipo moja tu, juu, bafuni. Chini hakuna. Kwa hiyo mlango nitaziba juu na pembeni tu hadi mwenye nyumba atoboe.

Maswali mawili yamebaki. Kuna anayesema niweke dari ya pili ya bodi za jipsamu chini ya zege, inafaa? Na kwa usiku wa leo, kabla ya haya yote, vizibo vya masikio na sauti ya feni vina madhara?

Fundi_wa_Mwangwi

Dari ya pili inafanya kazi ikiwa imening'inizwa kwenye viunganishi vyenye mpira, ina pamba ya madini ya sentimita 5 hadi 10 ndani, na tabaka mbili za bodi ya milimita 12.5 ambazo maungio yake hayalingani. Unapoteza kimo cha sentimita 15 hivi. Ikikazwa kwa waya au mbao moja kwa moja kwenye zege, mtikisiko unashuka kwa waya huo huo na umejenga spika mpya. Na hata ikijengwa vizuri, sehemu ya sauti inashuka kwenye kuta pembeni. Kwa nyumba ya kupanga siipendekezi. Kapeti moja juu inashinda.

Usingizi_Ule

Vizibo vya povu ni salama kwa masikio mazima, vikiwekwa inavyotakiwa, na wengi hawaviweki hivyo. Mikono iwe safi na mikavu. Visokote polepole hadi viwe vyembamba bila mikunjo. Mkono wa upande wa pili upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ili mfereji unyooke. Ingiza, kisha shikilia kwa kidole sekunde 30 povu lijae. Baada ya hapo funika masikio kwa viganja: sauti ya nje ikibadilika sana, havijakaa, rudia. Namba ya desibeli iliyoandikwa kwenye pakiti imepimwa maabara. Vikiwekwa ovyo hushuka hata nusu yake.

Ukitoa, zungusha taratibu, usivute kwa ghafla, kiwambo cha sikio kinaumia. Vya povu havioshwi, vikishakuwa vigumu au vichafu tupa. Vya silikoni huoshwa kwa sabuni na maji. Mwenye maumivu, majimaji yanayotoka sikioni au kiwambo kilichotoboka asivitumie hadi amwone daktari. Na kwa kuwa una king'ora na una gesi, jaribu kwanza kama unakisikia vikiwa sikioni. Kama hukisikii, tumia kimoja tu.

Besi haitazuilika sana. Vizibo ni dhaifu zaidi kwenye masafa ya chini, na mtikisiko wa kitanda unapita kwenye mifupa.

Feni ni nzuri kwa mazungumzo na magari kwa sababu inajaza mapengo ya ukimya, na kinachomwamsha mtu mara nyingi ni ile tofauti ya ghafla. Iweke karibu na dirisha, kati ya kelele na kichwa. Anza chini kabisa, panda hadi maneno ya korido yasieleweke, simama hapo. Isivuke desibeli 50 kwenye mto. Kama kuna mtoto mchanga, chombo kikae angalau mita 2 kutoka alipolala. Ukitumia sauti ya kurekodi, chagua yenye masafa ya chini zaidi, ile yenye mngurumo badala ya mlio wa "shii", na ihakikishe haina mshono inapojirudia, la sivyo ubongo utakaa unasubiri ule mshono.

Ghorofa_ya_Tatu

Nimeanza kupima mlango kwa udongo. Upande wa kitasa mwanya ni milimita 4, upande wa bawaba ni 1 tu. Mpira uwe mmoja kote?

Nati_na_Bolti

Hapana. Upande wa bawaba mpira mnene utausukuma mlango na kuvuta skrubu za bawaba. Huko weka mwembamba bapa wa milimita 2 au 3, laini unaobanwa hadi 1, ukibandikwa kwenye uso wa fremu ambao mlango unausogelea ukifunga. Upande wa kitasa na juu weka wa milimita 6 wenye uwazi katikati. Halafu angalia bamba la chuma linalopokea ulimi wa kitasa: likiwa na nafasi, lisogeze milimita moja kwa kulegeza skrubu zake mbili, mlango ubanwe bila kubamizwa. Ukishakaza, fanya jaribio la karatasi kama lile la dirishani kila sentimita 30 kuzunguka fremu, na usisahau tundu la ufunguo. Lina kifuniko chake kidogo cha kuteleza, kinauzwa penye vitasa.